Jina la Amilcar Getini

Ijumaa Rubelsi aliniambia neno, nikakosa usingizi mpaka Jumapili. Tulikuwa tumesimama mlangoni mwa karakana yake. Yeye ni fundi wa viti vya magari, na siku ile alikuwa ameshika mdomoni ile sindano yake kubwa ya kushonea ngozi. Mimi nilikuwa nimetoka zamu kiwandani, nanuka biskuti toka kichwani hadi miguuni. Akaitoa sindano, akaichomeka kwenye kiti alichokuwa anakishona, ndipo akasema.

"Jumapili mnapanga safari ya bustanini, si ndiyo?"

"Ndiyo. Nyumbani kwa mama mkwe, kama kila mwaka."

"Basi nitakuja. Nitakula, nitasikiliza. Wakinihesabu, nabaki hapa Xela. Wasiponihesabu, Odi, nakwenda Puerto Barrios kwa binamu yangu. Ana karakana kubwa, ananihitaji, na nimemzungusha vya kutosha."

Nikacheka, nikidhani ni mzaha wake wa kawaida. Yeye hakucheka.

"Unaniwekea masharti, Rubelsi?"

"Najiwekea mimi mwenyewe. Miaka miwili sasa. Mwanao Meilin ananiita anko. Shemeji yako ananiita fundi. Mama mkwe wako haniiti chochote."

"Na mimi nakuita nani?"

"Wewe unaniita mpenzi wangu," alisema, "kukiwa hakuna watu."

Alinitazama kwa yale macho yake yasiyojua kuficha kitu, nami nikajifanya nafunga vizuri kamba ya mkoba. Nilimpenda mno wakati ule. Nilimpenda hata nikamkasirikia.

Niseme mapema habari ya kadi, maana bila kadi hutanielewa. Kwetu ukiajiriwa na kampuni unapewa kadi ya ile bustani kubwa ya michezo kule Retalhuleu, na kadi hiyo inakuingiza bure wewe na watu wako: mume au mke, watoto, na wazazi waliokuzaa. Mkwe hayumo. Shemeji hayumo. Mchumba, hata mkipendana mpaka majirani wachoke kuwasema, hayumo. Fundi aliyejiajiri kama Rubelsi hana kadi, na asiye na kadi anakwenda upande wa pili wa geti, kwenye foleni ya wageni, anakata tiketi. Kwa hiyo familia ikipanga kwenda kule, kazi kubwa si chakula wala usafiri. Kazi ni kugawana watu, nani anaingia kwa kadi ya nani. Hapo ndipo kila mtu anajua yeye ni wa nani.

Na kwenye kadi yangu mimi, mahali pa mume, lipo jina la Amilcar. Amilcar wangu alikufa na lori lake kwenye mteremko wa kwenda pwani, Meilin akiwa na miaka mitatu. Mtoto sasa ana saba.

Jumapili Rubelsi alikuja amenyoa, amevaa shati jeupe, na mkononi keki ndogo ya nanasi. Doña Floridalma, mama mkwe wangu, aliipokea keki, akaiweka juu ya friji bila kuifungua. Mimi na Meilin tunaishi kwake tangu msiba. Ni mwanamke mfupi, magoti mabovu, sauti ya kiongozi wa kwaya, na akikupenda atakulisha mpaka uombe radhi. Siku ile alimpakulia Rubelsi supu kidogo, nyama mfupa mtupu. Nikaona. Rubelsi naye akaona, akala mfupa wake kwa adabu.

Shemeji yangu Hermelindo, mdogo wake Amilcar, ndiye waziri wa safari. Alisukuma sahani pembeni, akapiga meza kwa kijiko.

"Sikilizeni. Basi dogo nimeshalipata, dereva ni yule yule. Tunaondoka Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa kumi alfajiri."

"Saa tisa," alisema doña Floridalma.

"Mama, saa tisa tutafika kabla hata ya walinzi."

"Afadhali niwasubiri wao kuliko wanisubiri mimi. Na msisahau masweta."

"Kule ni jua kali, mama."

"Kule ni jua, hapa mlangoni je? Mwaka jana ulitetemeka mpaka ukamwomba mkeo shali."

Yesenia, mke wa Hermelindo, alicheka mpaka akashika ubavu. "Tena shali ya waridi," alisema. "Nina picha."

Tukacheka wote, hata Rubelsi. Moyo wangu ukatulia kidogo. Wakabishana juu ya sufuria la wali, kwamba ni aibu kuingia na sufuria mahali pa watu, na doña Floridalma akauliza ni aibu gani ya kumlisha mjukuu wake. Wakabishana kuhusu ile treni inayopinduka miguu juu. Hermelindo alidai mwaka huu ataipanda, na Yesenia akamkumbusha kwamba mwaka jana alifika hadi ngazi ya mwisho, akakumbuka ghafla ana haja ndogo.

"Haya, kadi," alisema Hermelindo. "Mama anaingia na mimi. Yesenia na mimi. Wanangu na mimi. Kadi yangu imejaa kama soko la Democracia. Odilia anaingia na Meilin."

Akamtazama Rubelsi, akatazama kijiko. Nikajiambia, sema sasa, Odilia, sema mtaoana, kadi ni yako. Nikafungua mdomo. Mwanangu akaniwahi.

"Anko Rubelsi aingie na mama," alisema Meilin, huku anamega tortilla, chapati yetu ya mahindi. "Pale pa baba. Si baba haji?"

Doña Floridalma aliweka mikono yote miwili juu ya meza, akaitazama.

"Pale pa baba yako pana mwenyewe," alisema.

"Lakini bibi, yeye—"

"Kula."

"Mtoto hajui, mama," alisema Hermelindo kwa sauti ya chini. Na Yesenia, ambaye hana ubaya ila hajui kunyamaza, akasema, "Fundi si anaweza kukata tiketi kama mwaka jana? Tutamsubiri ndani, hata si mbali."

Rubelsi alijifuta mikono taratibu. "Doña Flori," alisema, "mimi sitaki nafasi ya Amilcar. Nilimfahamu. Kiti cha lori lake nilikishona mimi, na kila akipita alikuwa ananipigia honi. Simfukuzi mtu. Nauliza tu kama kwenye familia hii kuna mahali ninapoweza kukaa."

"Kama ulimfahamu," alisema mama mkwe, "basi mwache alipo."

Rubelsi akaniangalia. Hakunisihi. Aliniangalia tu, akinipa muda wangu, na ule muda niliuona ukipita wote mbele ya macho yangu nikiwa nimekaa kama gunia. Akasimama, akashukuru kwa chakula, akampapasa Meilin kichwani, akatoka uani.

Niliinuka kumfuata, lakini doña Floridalma alikuwa ameshakusanya sahani na kuingia jikoni, na hasira yangu ilinipeleka kwake kwanza. Nilifunga mlango wa jikoni nyuma yangu.

"Amekukosea nini?" nilimuuliza. "Niambie kosa lake moja. Hanywi. Hajanipiga. Mwanangu akiugua anakesha naye. Amekukosea nini, mama?"

"Hajanikosea."

"Basi kwa nini unamfanyia hivi mbele za watu?"

"Olewa na mtu unayemtaka, mimi nitakukataza kwa nguvu gani?" Alikuwa amenipa mgongo, anasugua sahani moja tu. "Ila kwenye kadi usimtoe Amilcar. Nakuomba."

"Nikiolewa lazima atoke. Mume ni mmoja. Wataniambia nilete cheti cha kifo, watamfuta, wamwandike mwenzake. Ndivyo ilivyo, mama, sikuitunga mimi. Na wewe umejua hivyo tangu mwanzo, ndiyo maana unamnyima hata nyama."

Alifunga bomba. Nilifikiri atanijibu kwa ukali, nikajiandaa.

"Wewe unadhani mimi napenda ile bustani?" aliniuliza. "Magoti haya? Napenda lile jua? Sijawahi kupanda hata bembea ya watoto. Nakaa kwenye benchi na sufuria mpaka jioni, miguu inavimba. Ulishajiuliza kwa nini nakwenda?"

"Kwa ajili ya wajukuu."

"Wajukuu nawaona kila siku." Akageuka. "Nakwenda kwa ajili ya pale getini. Unapitisha kadi yako, yule kijana anasoma kwenye kioo chake: Odilia, Meilin, Amilcar. Halafu anauliza, na Amilcar yuko wapi? Wewe unajibu, hakuja leo. Ndivyo unavyomjibu kila mwaka. Hakuja leo. Nyumba nzima hii, Odilia, hakuna anayeniuliza tena mwanangu yuko wapi. Kanisani wanasoma jina lake na marehemu. Kwenye lori jipya wameandika jina la dereva mwingine. Ni yule kijana peke yake, hatujui hata anatoka wapi, ndiye anayeuliza kana kwamba mwanangu amechelewa tu. Nami nasimama nyuma yako nasikia."

Kumbe ndiyo maana. Miaka yote ile alikuwa akijisukuma mpaka mbele, ananikanyaga visigino pale getini, nami nikidhani anaogopa kuachwa. Nilitaka kuendelea na hasira yangu, maana ilikuwa ya haki, lakini haikuwepo tena. Nilimkumbatia, akalia begani mwangu bila sauti. Harufu yake ilikuwa ya kitunguu na sabuni. Mwanamke huyu alinishika kiunoni siku ya mazishi nisitumbukie kaburini. Sasa ningemfanya nini?

Nilimkuta Rubelsi uani, ameegemea pila, lile birika la zege la kufulia. Alikuwa amekunja mikono ya shati. Nikamweleza yote, neno kwa neno, nikilia. Alisikiliza mpaka mwisho, na nilipomaliza alijifuta jicho kwa kidole gumba.

"Maskini doña Flori," alisema.

"Umeelewa, basi. Si kwamba anakuchukia."

"Nimeelewa. Afadhali angenichukia." Alishusha pumzi. "Mtu akikuchukia unavumilia, unamletea keki, mwisho anachoka. Huyu hachoki, Odi. Na wala hastahili kuchoka. Ni mama yake."

"Basi tungoje. Mwaka huu tu. Kata tiketi kama mwaka jana, mwaka ujao nitazungumza naye polepole."

"Mwaka jana," alisema, akatikisa kichwa. "Nikuambie mwaka jana nilivyosimama? Mbele yangu watalii, nyuma yangu watalii. Naona ninyi mnaingia upande ule. Meilin akageuka akanipungia mkono. Unajua mtoto anavyompungia mtu anayebaki stendi? Vile. Nikasema moyoni, Rubelsi, wewe si wa wale. Kisha nikaingia ndani, nikawakuta, ukanipa wali, nikasahau. Nimesahau mwaka mzima kwa sababu ya kukupenda."

"Kwa hiyo sasa umeacha kunipenda."

"Usiseme upuuzi."

"Basi baki."

"Niambie utamtoa Amilcar, nibaki."

Aliyasema hayo kwa upole kabisa. Alinishika mikono yote miwili, viganja vyake vigumu kwa uzi na ngozi, akainamisha uso mpaka paji lake likagusa langu. Nilisikia pumzi yake. Kila kitu mwilini mwangu kilikuwa kinasema ndiyo. Na nyuma yangu, jikoni, nilisikia doña Floridalma anapenga kamasi, anajaribu kufanya polepole tusimsikie.

"Siwezi," nilisema. "Leo siwezi, Rubelsi."

"Najua." Akanibusu machoni, jicho moja kisha la pili. "Ungeweza leo, sijui kama ningekuheshimu. Lakini mimi nami siwezi, Odi. Nina miaka thelathini na nane. Nataka nirudi jioni, mtu aseme mume wake Odilia amerudi. Hilo tu, wala si kubwa."

"Utaondoka lini?"

"Jumanne."

"Utanipigia?"

"Nikikupigia nitarudi. Na nikirudi nitakaa tena kwenye foleni."

Alishusha mikono ya shati, akafunga vifungo vya mkononi, vile vidogo vinavyomsumbua kila siku na ambavyo huwa namfungia mimi. Safari hii alivifunga mwenyewe. Akapita mlango wa uani bila kuubamiza. Nilibaki pale mpaka miguu ikapata ganzi kwa baridi, Yesenia akaja akanivika sweta, kwa mara ya kwanza bila kusema kitu.

Jumanne nilikwenda kazini. Msinione sina moyo. Nilipanga biskuti kwenye masanduku, nikakosea, nikapangua, msimamizi akaniuliza naumwa nini nikasema tumbo. Jioni nilipita karakana nikakuta kufuli. Kwenye dirisha alikuwa ameacha kipande cha ngozi nyekundu, masalio tu ya kazi, nikakitazama kama mjinga. Nilimpigia simu mara moja. Aliipokea. Hakusema, nami sikusema. Nilisikia injini ya basi na mtu anauza maji kwenye madirisha ya abiria, kisha nikakata mimi.

Nyumbani hakuna aliyenisema. Hermelindo aliacha kutaja safari mbele yangu. Meilin aliuliza anko yuko wapi, nikamwambia amepata kazi mbali. Akauliza kama amechukua na mashine yake ya kushonea. Nikasema ndiyo. Akafikiri, akasema, "Basi amehama," akaenda kucheza. Niliingia bafuni nikafungulia maji.

Alhamisi ni siku ya paches kwetu, vile viazi vya kupondwa vinavyofungwa kwa majani na kupikwa kwa mvuke. Doña Floridalma alivitengeneza vingi mno. Tulikula, watoto wakaenda kulala, nikabaki nafuta meza. Alikuja akakaa mbele yangu, na sahani iliyofunikwa kitambaa.

"Hii mpelekee fundi," alisema. "Nimemwekea nyama ya kutosha."

Nilimtazama. Hakujua kwamba ameshaondoka. Watu wote tulinyamaza mbele yake, kila mmoja akidhani mwenzake amemwambia, na yeye alikuwa ameshinda siku zote zile akipigana na nafsi yake mle jikoni.

"Nimekuwa nikifikiri," aliendelea, kabla sijasema. Aliongea haraka, kama mtu anayeogopa kubadili nia. "Jumapili sikulala. Jumatatu nikaenda makaburini, nikamweleza Amilcar. Nikakaa naye sana. Mwanangu hakuwa mchoyo, unamjua. Nikaona, mimi nashikilia mwanangu kwa kumkaba msichana wa watu. Kesho omba ruhusa kazini. Nitakwenda na wewe kwenye dirisha la ofisi ya kadi, cheti kiko kwangu, kwenye begi la nguo zake. Tukalifute lile jina. Mkafunge ndoa serikalini, mwandike fundi. Jumamosi ile aingie na sisi, upande wetu. Nami nitakaa kwenye benchi langu, nitazoea."

Alinyoosha mkono, akaufunika mkono wangu uliokuwa umeshika tambara. Macho yake yalikuwa yamevimba, lakini alikuwa anatabasamu, tabasamu la mtu aliyetoa kitu chake cha mwisho na anangoja kuona umefurahi.

"Mbona husemi?" aliniuliza. "Nimekwambia nakubali, mwanangu. Tukalifute."

Nilijaribu. Mungu anajua nilijaribu kutafuta namna ya kumwambia isiyomuumiza, sikuipata.

"Tukalifute, mama," nilisema, "halafu tumwandike nani?"